Sura ya Saba: Cheo Ambacho Hakijazaliwa

Alhamisi asubuhi, saa mbili na robo, Inspekta Bruno Kallweit alishuka ngazi za mahabusu ya Potsdam akiwa na karatasi mbili mkononi. Moja ilikuwa maelezo ya shahidi. Nyingine ilikuwa hati ya kumpeleka rumande Minna Jeschke, mtunza nyumba, miaka hamsini na miwili, kwa kosa la kumuua bwana wake. Hati ilikwisha kujazwa yote, ilibaki saini tu. Hakimu wa uchunguzi alikuwa ametuma neno kwamba atafika saa kumi na moja jioni kuitia saini, na mwenye la kusema aseme kabla ya hapo. Kwa kosa la namna hiyo sheria ya Prussia ilikuwa bado inatumia shoka.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Jenerali mstaafu Egbert von Trossin, mzee wa miaka sitini na tisa, alikutwa Jumanne jioni amelala kifudifudi katika chumba chake cha vitabu, kisogo kimepasuka. Aliyemkuta ni Minna mwenyewe. Chuma cha kuchochea moto cha chumba kile hakikuwapo mahali pake. Polisi walikiona jikoni, ndani ya ndoo ya makaa, kimeoshwa kikang'aa. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine anayefanya kazi ila Minna.

Na shahidi alikuwepo. Dakta Ottfried Nissle, mtaalamu wa nasaba za koo kubwa kutoka Berlin, alikwenda polisi kwa miguu yake Jumatano asubuhi, baada ya gazeti kutangaza kwamba anatafutwa mtu mwenye kofia ya kijivu aliyeonekana akitoka kwenye lango la marehemu. Alisema kofia ni yake. Alikuwa na miadi ya Jumanne saa tisa na nusu, akakuta mlango wa mbele uko wazi, akapanda ngazi, na kabla hajabisha akasikia sauti ya mwanamke ndani ikifoka. Aliona aibu kuingilia ugomvi wa watu, akarudi alikotoka. Hakumwona mtu. Alisikia tu.

Kallweit alivuta kiti akakaa mbele ya Minna. Mwanamke huyo alikuwa ameketi wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha, mikono imefungana mapajani, vidole vyekundu kwa magadi ya kufulia.

"Umekula?"

"Wameniletea supu. Haikuwa na chumvi."

"Tuanze tena Jumanne. Saa tisa na nusu ulikuwa wapi?"

"Kwenye chumba cha kufulia, uani. Jumanne ni siku ya mashuka. Nimeshasema mara tatu."

"Mara ya nne haiui. Mtu alikuona?"

"Mvuke mle ndani, Bwana Inspekta, hata mimi mwenyewe sijioni."

"Kengele ya mlango hukuisikia?"

"Ukiwa kule husikii kengele. Yeye alikuwa anafungua mwenyewe siku za mashuka. Alikuwa hana makuu."

Kallweit akafungua maelezo ya shahidi. "Hapa kuna mtu anasema alikusikia ukimfokea Bwana Jenerali."

"Nimfokee nani?"

"Bwana Jenerali."

Minna akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea nyumba. "Bwana Jenerali anakaa ng'ambo ya barabara. Bwana Jenerali von Grabitz, mwenye mbwa. Wangu mimi alikuwa Mtukufu."

"Si wote majenerali?"

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Tilsit."

"Basi ndiyo maana. Hapa Potsdam hata mwuza maziwa anajua. Kuanzia Luteni Jenerali kwenda juu, unasema Mtukufu. Meja Jenerali yeye ni Bwana Jenerali tu, na asikudanganye mtu. Nikimwita Mtukufu wangu Bwana Jenerali ni sawa na kumvua nyota begani nikaitupa jalalani."

"Jamhuri imefuta mambo ya utukufu. Miaka minane sasa."

"Jamhuri haifui mashuka yetu."

Kallweit akarudi kwenye maelezo ya shahidi. Akasoma polepole, kidole juu ya mstari: "'Bwana Jenerali, leo utanikoma!' Hayo ndiyo maneno. Ulisema?"

"Mimi? Kwa miaka ishirini na mitatu?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Kama ningemfokea, ningesema, 'Mtukufu, leo utanikoma.' Na sikumfokea. Tulifokeana mara moja tu, mwaka ishirini na mbili, kwa ajili ya paka."

"Siku hiyo ya Jumanne alikuwaje?"

"Alikuwa anacheka. Kwenye kifungua kinywa alikuwa na jalada la bluu, lililetwa na posta Jumamosi. Anasoma, anacheka, anaandika kwa penseli. Akaniambia, 'Minna, hawa wamempandisha marehemu cheo ambacho hakijazaliwa.' Mimi sikuelewa. Nikamwambia yai linapoa."

"Jalada la bluu liko wapi?"

"Mezani kwake. Liko wapi pengine?"

Kallweit alikuwa ameandika orodha ya vitu vya meza ile kwa mkono wake mwenyewe. Jalada la bluu halikuwamo.

*

Nyumba ilikuwa baridi. Sajini Pohl, mzee mnene aliyebakiza miezi saba astaafu, alivunja lakiri ya mlango, wakapanda pamoja hadi chumba cha vitabu. Kallweit hakugusa kitu kwanza. Alisimama katikati akazunguka kwa miguu yake, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

Marehemu alikuwa anaandika kitabu. Kurasa zilikuwa zimepangwa mezani kwa mafungu, kila fungu limekandamizwa kwa jiwe: historia ya vyeo vya juu vya jeshi, tangu enzi za wafalme wa zamani. Fungu la mwisho, ambalo kalamu ilikuwa imelazwa juu yake, lilihusu cheo cha Kanali Jenerali. Kallweit akasoma akiwa amesimama. Mzee aliandika kwamba cheo hicho kilitungwa mwaka 1854, kwa ajili ya mwana wa mfalme, kwa kuwa desturi haikuruhusu wana wa mfalme kupewa ufildi mashali, cheo cha juu kabisa. Kabla ya mwaka huo hakuna mtu aliyewahi kuitwa hivyo katika jeshi la Prussia. Maneno "hakuna mtu" yalipigiwa mstari mara mbili, na wino wake ulikuwa mpya kuliko wa ukurasa.

"Pohl, fungua kabati la nguo."

Koti la sherehe lilikuwa limefunikwa kwa shuka. Kwenye vipande vya mabegani, vilivyosukwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha, kulikuwa na nyota moja kila upande.

"Moja," alisema Pohl. "Luteni Jenerali. Yule mama hakukosea."

Droo ya meza ilikuwa na barua za wiki hiyo, zimefungwa kwa uzi. Kallweit akazipitia bahasha moja moja. Zote zilikuwa zimeandikwa kwa Luteni Jenerali mstaafu von Trossin; barua ya fundi viatu hivyo hivyo, ya daktari wa meno hivyo hivyo. Moja tu ilikuwa tofauti. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita kiasi, herufi zimechongwa kama za kwenye sanamu, nao ulisema: *Kwa Bwana Meja Jenerali mstaafu von Trossin.* Ndani kulikuwa na mistari miwili: mwandishi amepokea wito, atafika Jumanne saa tisa na nusu, na anatumaini jambo litamalizwa kistaarabu kati ya wataalamu wawili. Saini ilikuwa ya Dakta O. Nissle.

"Huyu amemshusha cheo," alisema Pohl.

"Ndiyo. Labda kwa haraka." Kallweit aliitia bahasha mfukoni. "Au labda yule mama anatuchezea, na aliyefokewa ni Bwana Jenerali mwenyewe, yule wa ng'ambo. Kama alikuwamo humu ndani Jumanne, maneno ya shahidi yanakaa sawasawa, ila yanamhusu mtu mwingine."

"Meja Jenerali ampige mwenzake kwa chuma cha moto?"

"Nimeona wamepigana kwa mambo madogo zaidi. Twende."

*

Meja Jenerali mstaafu Achaz von Grabitz aliwapokea amesimama, mbwa wawili wafupi wakinusa suruali ya Pohl. Kahawa ililetwa. Mzee hakumwuliza Kallweit anataka nini. Alimwuliza alikuwa nani vitani.

"Sajini, Bwana Jenerali. Askari wa miguu."

"Vizuri. Basi utakaa na utauliza kwa mpango."

"Jumanne saa tisa na nusu Bwana Jenerali alikuwa wapi?"

"Kwenye mkutano wa mfuko wa wajane wa maofisa. Tulikuwa kumi na wawili. Nilisoma muhtasari tangu saa tisa hadi saa kumi na nusu, na wawili walisinzia. Waulize hao tisa waliobaki."

Pohl akaandika. Njia hiyo ilifungwa pale pale, wala Kallweit hakusikitika. Alikuwa amezoea kufunga milango mingi kabla ya kupata ulio wazi.

"Nani basi alimwona mtu wa kofia ya kijivu?"

"Mpishi wangu. Alitokea kwa lango la pembeni, lile la jikoni, mkono mmoja ameubana ndani ya koti kana kwamba umevunjika. Mpishi alidhani ni mgonjwa."

"Lango la pembeni? Siyo la mbele?"

"Mpishi wangu anajua lango la jikoni, Sajini. Analitumia kusengenya," alisema mzee, akimwita Kallweit kwa cheo chake cha vitani.

Kallweit akaandika hilo mwenyewe. Nissle alisema aliingilia mbele akatokea mbele.

"Watu wanasema Bwana Jenerali na marehemu hamkuwa mnaiva chungu kimoja."

Von Grabitz akaenda dirishani, akarudi. "Hati yangu ya Umeja Jenerali ni ya tarehe ishirini na moja Machi, mwaka kumi na nne. Ya kwake ni ya tarehe ishirini na mbili. Siku moja! Katika kila karamu, mimi nilikaa juu yake kiti kimoja. Ndiyo kanuni: cheo kikilingana, hati ya zamani hutangulia. Halafu Januari ya mwaka kumi na nane mapafu yanamsumbua, wanamrudisha nyumbani, na siku ya kumuaga wanampa Uluteni Jenerali wa heshima. Nyota ya kuagia! Walikuwa wanazigawa kama peremende kwa mtoto anayelia stesheni. Tangu siku hiyo anakaa juu yangu."

"Nieleweshe kitu kimoja, Bwana Jenerali. Luteni yuko chini ya Meja. Imekuwaje Luteni Jenerali ampite Meja Jenerali?"

Mzee akamkazia macho kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi, akasogeza bakuli la sukari. Akapanga visahani vitano mezani.

"Hiki ni mimi. Meja Jenerali. Bega tupu, nyuzi tu." Kisahani cha kwanza akakiacha wazi. "Zamani tuliitwa wakuu wa malindo, kazi yetu ilikuwa kupanga walinzi na kambi. Luteni maana yake ni mwenye kushika nafasi ya mkubwa. Anayeshika nafasi ya mkubwa humpita anayepanga malindo. Umeona? Luteni Jenerali, donge moja." Akaweka donge la sukari. "Jenerali kamili, wa miguu, wa farasi au wa mizinga, madonge mawili. Kanali Jenerali, matatu. Na Fildi Mashali..." Akapapasa mfukoni, akatoa njiti mbili za kiberiti akazipishanisha juu ya kisahani cha mwisho. "Marungu mawili. Hapo juu yake ni mfalme na Mungu, na siku hizi mfalme hayupo."

Mbwa mmoja aliinua pua kuelekea kisahani cha madonge matatu.

"Na utukufu unaanzia donge la kwanza," alisema Kallweit.

"Unaanzia hapo."

"Bwana Jenerali ulikuwa unamwita Mtukufu? Pamoja na hasira zote?"

"Kila siku ya Mungu, kwa miaka tisa, na kila siku ilinikwama hapa." Akagusa koo. "Unadhani mimi mshenzi? Adui yako unamnyima salamu, humnyimi cheo chake."

"Mgeni akikosea, je? Akimwita Bwana Jenerali usoni?"

"Trossin angenyamaza. Mtu hajiombei utukufu. Unanyamaza, na usiku unakosa usingizi."

"Na mgeni angewezaje kukosea?"

Von Grabitz akanyoosha kidole kwenye rafu. Kulikuwa na vitabu vinene vya rangi moja, kimoja kwa kila mwaka. "Orodha ya vyeo vya jeshi. Ya mwisho kutoka kabla ya vita ni ya mwaka kumi na nne. Ndani yake Trossin ni Meja Jenerali na mimi niko mstari mmoja juu yake. Mtu akitaka kumjua ofisa haraka, anafungua hiyo. Mimi mwenyewe huifungua," aliongeza, "jioni."

Kallweit akasimama, akagonganisha visigino kwa mazoea ya zamani. Nje ya lango alimgeukia Pohl.

"Nissle amepanga wapi?"

"Nyumba ya wageni karibu na stesheni. Anasema anarudi Berlin kwa treni ya saa kumi na mbili."

"Nenda kwa mwendesha mashtaka upate kibali cha upekuzi. Mwonyeshe bahasha hii na maelezo ya mpishi kuhusu lango. Unatafuta jalada la bluu. Mimi nitamwita Nissle aje kutia saini maelezo yake, na nitasoma polepole."

"Kiasi gani?"

"Kama wewe unavyopanda ngazi."

*

Saa kumi na nusu Dakta Nissle alikuwa ofisini kwa Kallweit, kofia ya kijivu magotini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, kucha safi, sauti laini ya mtu anayezungumza na matajiri. Hakimu wa uchunguzi, Ahrendt, alifika mapema kuliko alivyoahidi, akakaa pembeni na ile hati ya rumande juu ya goti, kalamu imekwisha kufunguliwa.

"Tumalize hili," alisema hakimu. "Nina mafua."

Kallweit akasoma maelezo yote, neno baada ya neno, mpaka hakimu akapenga kamasi mara mbili. Alipofika kwenye ile kauli akasimama.

"Hapa, Dakta. 'Bwana Jenerali, leo utanikoma.' Ndivyo ulivyosikia, au ni maana yake tu?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Kazi yangu ni nyaraka, Bwana Inspekta. Mimi huwa sikosei maneno."

"Tia saini."

Nissle akatia saini. Herufi zilikuwa nzuri.

"Marehemu alikuwa na cheo gani?" Kallweit aliuliza huku akikausha wino.

"Meja Jenerali mstaafu."

"Una hakika?"

"Nilimtazama kwenye orodha. Hati ya tarehe ishirini na mbili Machi, mwaka kumi na nne."

Hakimu Ahrendt, ambaye baba yake na babu yake walizaliwa Potsdam, akainua kichwa. Akatazama hati iliyokuwa gotini kwake. Palipoandikwa jina la aliyeuawa, yeye mwenyewe alikuwa ameandika: Luteni Jenerali.

"Dakta," alisema hakimu, "mtunza nyumba wa Luteni Jenerali hawezi kumwita Bwana Jenerali."

"Samahani?"

"Alipandishwa Januari ya mwaka kumi na nane," alisema Kallweit. "Kwa heshima, siku ya kustaafu. Orodha yako ilikuwa imekwisha kuchapwa miaka minne nyuma. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Mtukufu: adui yake, fundi viatu wake, na zaidi ya wote huyu mama. Kwake Bwana Jenerali ni jina la jirani. Anayesema alisikia maneno haya hakuyasikia mlangoni. Aliyatunga, na alipoyatunga alikuwa na orodha ya mwaka kumi na nne kichwani."

Nissle hakubabaika sana. "Mwanamke mwenye hasira husema lolote. Na utukufu umefutwa na katiba, nadhani hakimu anajua."

"Ninajua," alisema Ahrendt. "Nimefuta mwingi mwenyewe."

"Mwenye hasira husema lolote, kweli," alisema Kallweit. "Angeweza kusema 'mzee mpumbavu.' Angeweza kumwita kwa jina lake. Lakini wewe umetia saini maneno haya haya, neno kwa neno. Na kuna hili pia: uliingilia mlango gani ukatokea wapi?"

"Mbele. Nimesema."

"Umeonekana ukitoka kwa lango la jikoni. Anayetokea jikoni hupita kando ya ndoo ya makaa."

"Nani ameniona? Mpishi wa jirani?"

Hapakuwa na mtu aliyetaja mpishi. Kallweit akaliandika neno hilo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakimu alikuwa bado anatikisa kichwa.

"Neno halitoshi kumfunga huyu, Kallweit. Linatosha kunizuia mimi kutia saini, basi. Kesho mwendesha mashtaka ataniuliza chuma kiliingiaje jikoni kwa mama yule, nami nitamjibu nini? Adabu za Potsdam?"

Saa ya ukutani ilionyesha dakika nane kabla ya kumi na moja. Kallweit akaanza kusoma maelezo upya tangu mwanzo, kwa sababu kanuni zinasema maelezo yaliyoongezewa yasomwe upya. Hakuwa na kitu kingine. Hakimu akafumba macho. Nissle akatazama saa yake ya mfukoni, akasema habari za treni.

Pohl aliingia bila kubisha. Alikuwa anahema, na chini ya kwapa alikuwa na jalada la bluu.

"Chini ya mashati," alisema, akaliweka mezani.

Ndani kulikuwa na karatasi moja ya ngozi, ya kale kwa kutazama, yenye lakiri nyekundu. Ilikuwa hati ya cheo ya mwaka 1831, iliyompa mtu wa ukoo fulani wa Pomerania cheo cha Kanali Jenerali. Kulikuwa na barua ya ukoo wenyewe kwa marehemu: tumeuziwa hati hii ya babu yetu na Dakta Nissle, na kabla hatujaitundika ukutani tunaomba Mtukufu aithibitishe.

Kallweit akaipeleka hati kwenye taa, akaiinamisha. Pembeni ngozi ilikuwa nyeupe kuliko kwingine. Mtu alikuwa ameisugua kwa makombo ya mkate, kama wafanyavyo wachoraji kufuta penseli. Weusi wa penseli ulikuwa umetoka, lakini mzee von Trossin alikuwa na mkono mzito. Maandishi yalikuwa yamechimba ngozi, yakasomeka kwa kivuli chake.

"'Cheo hiki kilizaliwa 1854,'" alisoma Kallweit. "'Tarehe 15 Novemba.' Na herufi za jina lake. Juzi Jumanne, kwenye kifungua kinywa. Mheshimiwa Hakimu, Jumanne asubuhi karatasi hii ilikuwa mezani kwa marehemu. Huyu anasema hakuingia ndani. Basi imetembea yenyewe hadi stesheni."

Nissle alikuwa anaitazama hati, wala si watu. "Wiki sita," alisema. "Lakiri peke yake ilinichukua wiki mbili. Na yeye akakaa pale anacheka. Akaniambia ningeuliza kwanza, angenipa cheo kinachofaa."

"Ungeichoma," alisema Pohl, kwa mshangao wa kweli.

"Kazi kama hii haichomwi."

Hakimu Ahrendt akatafuta fomu nyingine mezani, hakuiona. Akakata jina la Minna Jeschke kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika jingine juu yake, akaweka saini. "Fomu ni moja," alisema, "na serikali haina karatasi za kuchezea."

*

Kallweit alishuka mwenyewe kumfungulia. Alimweleza kwa maneno machache: nani, kwa nini, na kwamba yuko huru. Minna alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliuliza kama Mtukufu ameshaoshwa na kuvishwa, na aliposikia bado, akasema atafanya hivyo kesho asubuhi na asiguswe na mtu mwingine.

Mlinzi wa kike akamletea mkoba wake na kofia.

"Kuna mlango wa nyuma, unatokea kwenye uchochoro," alisema Kallweit. "Hapana mtu. Unaweza kupita bila kuonekana."

"Nilipoletwa jana, mlinipitisha wapi?"

"Mbele."

"Saa sita mchana, soko limejaa. Mke wa mwoka mikate alikuwa amesimama mdomo wazi na kikapu chake." Akabandika kofia mbele ya kioo cha dirisha, akaichoma kwa pini mbili. "Nitatokea mbele."

Kallweit akamtangulia, akamfungulia mlango mkubwa. Taa za barabarani zilikuwa zimeshawashwa. Minna akachungulia nje, kulia na kushoto. Palikuwa na mzee mmoja na baiskeli.

"Ofisi zinafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Nitangoja."

Akarudi ndani, akakaa kwenye benchi la wenye malalamiko, mkoba mapajani, mgongo haugusi ukuta. Kallweit alikuwa na ripoti ya kuandika. Hakwenda. Akakaa mwisho wa benchi lile.

Kengele za kanisa zikagonga. Milango ikaanza kufunguka mtaa mzima, makarani wakamwagika, wanawake na vikapu vyao, na miongoni mwao mke wa mwoka mikate. Minna Jeschke akaangalia mpaka barabara ilipojaa vya kutosha. Kisha akasimama, akakunjua sketi yake, akatoka.